Eneo Salama kwa Zebaki: Kihusishi Kimoja, Maana Mbili

Hebu soma kwanza maneno haya manne: ENEO SALAMA KWA ZEBAKI.

Umeelewa nini? Usikimbilie kujibu. Je, ni mahali ambapo zebaki haitakufikia, au ni mahali palipotengwa ili watu watumie zebaki? Kama umepata jibu moja tu, rudia kusoma. La pili limo humohumo.

Ubao wenye maneno hayo niliukuta katika kijiji kimoja cha wachimbaji wadogo, upande wa Geita, nilipomsindikiza rafiki yangu anayesoma kemia ya mazingira. Yeye alikuwa anachukua sampuli za marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha, ukapitishwa kwenye mwalo na kutolewa dhahabu ya kwanza. Mimi nasoma isimu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kubeba mifuko.

Chini ya ubao mama mmoja alikuwa anauza uji na maandazi, mtoto mgongoni. Tukamwamkia, tukaagiza vikombe viwili. Rafiki yangu akamuuliza, "Mama, mbona umeamua kukaa hapa?" Akanyoosha upawa kuelekea ubaoni: "Si wameandika salama, mwanangu?"

Hatua chache nyuma yake kulikuwa na kijana ameinamia jiko la mkaa, anachoma kidonge cha dhahabu kilichoshikana na zebaki. Naye tukamuuliza swali lilelile. Naye akaonyesha ubao uleule: "Hapa ndipo tulipoambiwa tuchomee."

Wote wawili walisoma sawasawa. Hakuna aliyekosea Kiswahili. Aliyeuweka ubao simtaji, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Ninachotaka kukishtaki leo ni sentensi yenyewe, pamoja na namna tunavyofundishwa lugha hadi sentensi kama hiyo ikapita mikononi mwa watu waliosoma bila mtu kushtuka.

Kwanza, kwa nini jambo hili si la mchezo? Zebaki hushikana na chembe za dhahabu. Ukiipasha moto, inapaa kama mvuke na dhahabu inabaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Unaingia mapafuni, unapita kwenye damu, unafika kwenye ubongo. Anayeuvuta kwa muda mrefu huanza kutetemeka mikono, kusahausahau, kukosa usingizi. Shirika la Afya Duniani limeiweka zebaki kati ya kemikali kumi zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya umma. Mtoto aliye mgongoni kwa muuza uji anavuta hewa ileile, na ubongo wake bado unajengwa.

Viti vitupu vya kivumishi

Ubao ule una harufu ya Kiingereza, kwa hiyo tuanzie huko.

Chukua kivumishi "safe". Kikisimama peke yake kinasema tu kwamba hakuna madhara. Lakini kimeacha viti vitupu: nani hadhuriki? Nini kingemdhuru? Akifanya nini? Kiingereza hujaza viti hivyo kwa kirai kihusishi, na kihusishi ndicho kinachogawa vyeo. "Safe from mercury": zebaki ndiye adui, mtu amekingwa. "Safe for children": watoto ndio wanaolindwa. "Safe for mercury", tukiongelea chupa kwa mfano: hiyo chupa inafaa kutunzia zebaki. Kivumishi hakijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kineno cha herufi tatu au nne, na zebaki ikageuka kutoka adui kuwa mgeni anayekaribishwa.

"Good" nayo ni hivyohivyo. Mtu akiwa "good at" mpira, anaujua kuucheza. Viatu vikiwa "good for" mpira, vinafaa kuchezea. Kijana akiwa "good to" mama yake, anamtendea wema. Dada akiwa "good with" watoto, anajua kukaa nao. Hapa mzungumzaji ana uhuru wa kuchagua, na kila chaguo lina maana yake.

Kuna kundi la pili ambalo ni tofauti kabisa. Humo kivumishi kimeshajichagulia mwenzake na wewe huna la kusema. "Fond" hutaka "of". "Keen" hutaka "on". "Interested" hutaka "in". Ukibadilisha kihusishi hapa hupati maana mpya, unapata kosa tu, tena kosa ambalo kila mtu analielewa. Wenye lugha yao wenyewe hawakubaliani: Waingereza wengi husema "different to" na Wamarekani wengi "different than", huku wote wakiwa na "different from". Siku hizi "bored of" inazidi kusikika pembeni ya "bored with". Hakuna aliyepata madhara.

Sarufi kubwa ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, iliyotoka Cambridge mwaka 2002 ikiwa na zaidi ya kurasa 1,800, inapanga vivumishi hivi kwa vihusishi vyake, na kuonyesha kwamba uhusiano wa kivumishi na kirai chake hauko wa namna moja. Hilo ndilo shuleni kwetu halikufika.

Tulichokariri

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali Shinyanga, Kahama au Geita, unajua hadithi. Miaka yote ya msingi masomo ni kwa Kiswahili, na nyumbani labda Kisukuma. Ukifika kidato cha kwanza, Kiingereza kinakuja chote kwa mpigo. Mwalimu, ambaye naye ana vipindi vingi na wanafunzi wamejaa darasani, anaandika orodha ubaoni: afraid of, good at, interested in, different from, married to. Mnakariri. Mtihani unakuja na nafasi tupu: "She is afraid ___ snakes." Unajaza, unapata alama yako, maisha yanaendelea.

Simlaumu mwalimu. Tena niwe mkweli, kwa kundi la pili orodha ni njia halali. Hakuna sababu ya kimantiki ya "keen on", kwa hiyo kariri tu, ndugu yangu. Lawama yangu ni hii: orodha inayaweka makundi mawili kwenye gunia moja. "Good at" imeandikwa chini ya "fond of" kana kwamba ni vitu vya aina moja. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba kihusishi ni pambo la kukariri, si kitu chenye maana. Haulizwi hata siku moja: ukiweka "for" badala ya "from", nani anaumia?

Matokeo yake tunaadhibu makosa yasiyodhuru na kuyaachia yanayodhuru. Mtanzania akisema "different with", anapigwa mstari mwekundu. Kosa hilo lina asili inayoeleweka: Kiswahili husema "tofauti na", na "na" tumeizoea kuwa ni "with". Ndiyo asili ya "married with" pia, kwa sababu mtu "ameolewa na". Msikilizaji anaweza kutabasamu, lakini ameelewa. Yule atakayeandika "salama kwa zebaki" hapigwi mstari wowote. Sarufi yake ni safi. Shida ni kwamba imemketisha mama mahali pasipofaa kuketi.

Tajiri kwa dhahabu

Mfano mwingine wa kwetu kabisa. Utausikia kwenye hotuba na kwenye taarifa za habari: "Geita ni mkoa tajiri kwa dhahabu." Maneno kama hayo husemwa pia kuhusu Kahama yenye Bulyanhulu na uliokuwa mgodi wa Buzwagi, na kuhusu Mwadui ya Shinyanga ambako almasi inachimbwa tangu miaka ya 1940.

Kiingereza kingekulazimisha uchague. "Rich in gold" maana yake dhahabu imo ndani ya ardhi. "Rich from gold" maana yake dhahabu imekufanya uwe na mali. La kwanza ni suala la miamba: unaita mtaalamu wa jiolojia, anachoronga, anapima. La pili ni suala la maisha: unahesabu madarasa, maji ya bomba, zahanati, na kilichomo mfukoni mwa mchimbaji anapotoka kwenye duara. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umeanza kuzalisha tangu mwaka 2000. Kwamba mkoa huo una dhahabu nyingi hakuna anayebisha. Kwamba umetajirika kwa dhahabu ni hoja nyingine, inayotaka ushahidi mwingine.

"Tajiri kwa dhahabu" inazifunga hoja hizo mbili kwa kamba moja. Msemaji anathibitisha ya kwanza, halafu anapigiwa makofi ya ya pili. Sisemi kila anayeitumia anakudanganya. Nasema sentensi inamruhusu, na wewe msikilizaji una haki ya kumrudisha nyuma: "Samahani mheshimiwa, unamaanisha tunayo, au unamaanisha imetunufaisha?"

Kosa lilianzia wapi

Turudi kwenye ubao. Nadhani, na hapa nakisia tu kutokana na umbo lake, kwamba maneno yale yalitafsiriwa kutoka kwenye neno la Kiingereza la kuunganisha, la aina ya "mercury-safe". Sasa hapo Kiingereza chenyewe ndicho mkosaji wa kwanza. Kinapounganisha hivyo, kinakimeza kihusishi. Sahani iliyoandikwa "oven-safe" inaweza kuingia kwenye oveni isipasuke. Samaki wa kopo walioandikwa "dolphin-safe" walivuliwa bila kuwadhuru pomboo. Angalia ujanja: katika la kwanza oveni ndiyo ingeleta madhara, katika la pili pomboo ndiye angedhurika. Umbo ni lilelile, vyeo vimegeuzwa. Mwingereza anaokolewa na ujuzi wake wa dunia, maana anajua oveni huunguza na pomboo haunguzi sahani. Lakini kwa zebaki kwenye kijiji cha wachimbaji, ambako inaogopwa na inatumika siku moja, ujuzi wa dunia hautoi jibu.

Mfasiri alipaswa kukifukua kihusishi kilichomezwa. Badala yake akachukua "kwa". Na "kwa" yetu, jamani, ni mfanyakazi wa kazi zote. Inataja chombo: kata kwa kisu. Mahali pa mtu: kwa mjomba. Namna: kwa furaha. Muda: kwa miaka miwili. Anayeguswa na jambo: ni hatari kwa watoto. Uzuri wake ni huo, na hatari yake ni hiyohiyo. Ukiiweka mbele ya kivumishi cha Kiingereza chenye viti vitatu, itakalia kiti chochote.

Hili litazidi kutuhusu. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lugha zake rasmi ni sita zile za Umoja wa Mataifa, Kiswahili hakimo. Mkataba unataka nchi zikomeshe uchomaji wa zebaki kwenye makazi ya watu, na zizuie watoto na wanawake, hasa wajawazito, wasifikiwe na zebaki ya migodini. Lazima mtu ayalete maneno hayo mpaka kwenye mwalo, kwa Kiswahili. Akiyabeba na muundo wake wa Kiingereza, tutapata vitu kama "makundi hatarishi kwa zebaki". Hebu lisome tena: "hatarishi" ni chenye kuleta hatari. Mjamzito na mtoto wamegeuka kuwa tishio kwa zebaki! Msemaji alitaka kusema walio hatarini.

Kiswahili kinao ufundi wake

Wapo watakaosema: basi, Kiswahili ni maskini, tutumie Kiingereza. Hapana. Huko ni kukipima Kiswahili kwa mizani isiyo yake.

Ni kweli lugha za Kibantu kwa kawaida hazina vivumishi vingi. Mwanaisimu R. M. W. Dixon aliliandikia jambo hili mwaka 1977, akionyesha kwamba lugha zenye vivumishi vichache hupeleka kazi hiyo kwa nomino na vitenzi. Na ndivyo tunavyofanya. Kiingereza kinasema "afraid of snakes", sisi tunasema "anaogopa nyoka", hakuna kihusishi, hakuna cha kukariri. Tena hata "afraid" yenyewe ilianza maisha kama kitenzi katika umbo la kutendwa, maana yake aliyetiwa hofu. Tunapotaka kivumishi na mwenzake, tunao muundo wetu wa kale: mwepesi wa kusahau, hodari wa kupika, mzuri wa sura. Mwalimu angeweza kuanzia hapo, kwenye "hodari wa hesabu", kisha amlete mwanafunzi kwenye "good at", badala ya kuanzia kwenye nafasi tupu.

Lakini silaha yetu kubwa ni kitenzi, hasa kauli ya kutendea. Kidude kile kidogo, -ia au -ea, kinafanya kazi ambayo Kiingereza huwapa vihusishi. Choma, chomea. Osha, oshea. Tunza, tunzia. Sikiliza wachimbaji wenyewe wanavyoongea: maji ya kuoshea, mahali pa kusagia, karai la kuchomea. Hakuna hata mmoja anayesema "maji salama kwa matumizi ya uoshaji". Wana maji ya kunywa na wana maji ya kuoshea, na hawayachanganyi.

Kumbuka yule kijana wa jiko la mkaa. Alipotujibu hakusema "eneo salama". Alisema: "Hapa ndipo tulipoambiwa tuchomee." Kwa neno moja, *tuchomee*, aliondoa utata wote wa ubao. Na mama naye, angetaka kuelezea alichokielewa, angesema tu: mahali pasipo na zebaki. Pa kuchomea, na pasipo na. Kiswahili kilikuwa na njia mbili zilizo wazi, kila moja na maana yake, na aliyeandika ubao akazipita zote akafuata ya tatu inayoelekea pande mbili.

Kabla hujaandika

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, na najua wengi wenu mtakuja kuandika mabango, vipeperushi, maelezo ya dawa na ripoti za vijiji, nakuomba mambo matatu.

Moja, kila kivumishi kama salama, hatari, huru, tajiri, bora, kiulize maswali yake: nani, dhidi ya nini, akifanya nini? Kiti kikiwa kitupu, jaza.

Mbili, ukiona "kwa" baada ya kivumishi, jaribu kuigeuza iwe kitenzi. "Hatari kwa afya" iwe "inadhuru ubongo wa mtoto". "Salama kwa matumizi" iwe "maji ya kunywa", au "usinywe, ni ya kuoshea". Sentensi ikikataa kugeuka, basi huenda wewe mwenyewe hujui unachotaka kusema.

Tatu, mpe asome mtu ambaye maisha yake yanaitegemea, umuulize ameelewa afanye nini. Usimuulize kama ameelewa, maana kila mtu husema ndiyo. Muulize atafanya nini.

Na usiniambie watu wa kawaida hawana muda na maneno. Mwezi wa tatu 2017 serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wenye madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, nchi nzima ilijifunza neno "makinikia". Kwenye daladala, saluni, vijiweni, watu walibishana kilichomo ndani yake ni nini na kiasi gani. Watu wanajali maneno wakijua kuna kitu kinachopotea.

Siku ile rafiki yangu alimweleza mama habari za mvuke, na mama hakubishana. Alifunika sufuria ya uji, akamwita binti yake mkubwa amsaidie kubeba benchi, wakahamia upande wa pili wa barabara, upepo unakotokea. Kijana naye aliuliza habari za kifaa cha kuchomea kilichofungwa, kile kinachokamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Ilichukua kama dakika kumi, na hakuna neno lolote gumu lililotumika.

Ubao tuliuacha palepale, maana si wetu. Kama ungekuwa wangu, ningeandika: HAPA NI PA KUCHOMEA DHAHABU YENYE ZEBAKI. MVUKE WAKE UNADHURU. USIPIKE HAPA, USIKAE HAPA, USIJE NA MTOTO. Ni maneno mengi kuliko manne, lakini hakuna hata moja linaloweza kumkaribisha mama mwenye mtoto mgongoni.